Kuunda Betri ya Baiskeli ya Umeme ya Volti 36: Mwongozo Kamili kwa Fundi wa Tanga

Kuanzia Ngamiani hadi Pongwe malalamiko ni yale yale. Betri imeundwa, ikawaka, ikatembea miezi miwili vizuri, kisha ikaanza kuzima kila mota inapobeba mzigo. Chaja inaonyesha kijani, mita inasoma volti 41, lakini ukiongeza mwendo baiskeli inakata. Ukiifungua betri ya namna hiyo, mara nyingi uchomeleaji wake hauna kasoro. Seli, yaani betri ndogo ndogo zilizo ndani yake, ndizo hazikupimwa kabla ya kuunganishwa, na moja dhaifu imeziangusha nyingine 39.

Kwa hiyo hatua za kupima hapa chini ni ndefu kuliko za kuchomelea. Usiziruke.

## Betri tunayounda

Ni betri ya seli 40 za 18650 (kipenyo milimita 18, urefu milimita 65). Seli nne zinaunganishwa sambamba kuwa kundi moja, kisha makundi 10 yanaunganishwa mfululizo. Mafundi huiandika 10S4P.

Seli moja ina wastani wa volti 3.6, ikijaa ni 4.2, na haifai kushuka chini ya 3.0. Zidisha kwa 10: betri nzima ni volti 36, ikijaa 42, ikiisha 30. Ukitumia seli za mAh (miliampia-saa) 2500 unapata Ah (ampia-saa) 10, yaani wati-saa 360. Ukitumia za mAh 3500 unapata Ah 14, karibu wati-saa 500.

Baiskeli inayosaidiwa na miguu hula wati-saa 10 hadi 15 kwa kilomita. Betri ya wati-saa 360 itakupeleka mapango ya Amboni na kukurudisha mjini bila wasiwasi. Pangani ni kama kilomita 50 kwa upande mmoja, kwa hiyo usijidanganye. Ukifunga kwenye keria tenga la madafu au kreti ya soda, umbali unapungua zaidi.

Mota ya wati 250 au 350 yenye kontrola (kifaa kinachoiendesha mota) ya ampia 15 inatosha. Tanga ni tambarare, na mota ya wati 1000 itakudai betri kubwa mara mbili kwa mwendo usioweza kuutumia katikati ya watu na mikokoteni.

## Vifaa

Vya betri yenyewe

- Seli 40 za aina moja, na ununue 44 ili uweze kuchagua. Samsung 35E, LG MJ1 na Samsung 25R zote zinafaa.
- Vishikizi vya plastiki vya 18650, vipande 80 (juu na chini).
- Mkanda wa nikeli halisi, upana milimita 8, unene milimita 0.15, mita 5.
- Pete 40 za karatasi ngumu ya kuhami umeme, zile zenye gundi mgongoni.
- Bodi ya ulinzi (BMS) ya 10S, volti 36, ampia 20, ya lithiamu ya volti 4.2 kwa seli. Iliyoandikwa LiFePO4 haifai hapa.
- Waya laini wa nyuzi nyingi wa milimita 2.5 au 4 za mraba, mita 2.
- Plagi ya XT60 ya kutolea umeme, na soketi tofauti ya kuchajia.
- Fyuzi ya ampia 25 na kishikizi chake.
- Tepu ya Kapton (inayohimili joto), mpira mpana wa kusinyaa kwa moto, na boksi la kufungia.

Vya kazi

- Mita ya kidijitali.
- Chaja ya kupima uwezo wa seli, yenye nafasi nne au zaidi.
- Mashine ya kuchomelea kwa nukta.
- Pasi ya kulehemu ya wati 60.
- Mizani inayosoma gramu.
- Chaja ya volti 42, ampia 2.
- Miwani ya kinga, ndoo ya mchanga mkavu, na maji mengi karibu.

Mambo mawili kuhusu orodha hii. Waya wa nyumba, ule wa shaba ngumu ya uzi mmoja, usiutumie hata kama unao bure. Baiskeli inatetemeka, na shaba ngumu ikitetemeka hukatika palepale ilipolehemiwa. Fyuzi za kawaida za gari nazo nyingi zimepimwa hadi volti 32 tu. Ikiungua kwenye volti 42, cheche inaweza kuendelea kuruka ndani yake. Tafuta iliyoandikwa volti 58 au zaidi.

Seli zikitoka Kariakoo kwa kifurushi cha basi, mwambie muuzaji azipange kwenye vikasha vya plastiki na kuziba ncha kwa tepu. Seli zilizomwagwa pamoja kwenye mfuko zinaweza kupigana shoti njiani.

## Hatua ya 1: Kagua kama seli ni halali

Weka kila seli kwenye mizani. Seli halisi ya 18650 ina gramu 45 hadi 50. Ukiona gramu 30, ndani kuna seli ndogo au kijazio tu.

Soma maandishi. Seli iliyoandikwa mAh 9900 ni ya uongo, maana zilizo bora kabisa katika zinazouzwa kwa kawaida ziko kama mAh 3500. Huna haja ya kuipima zaidi. Irudishe.

Kisha pima volti. Seli mpya hutoka kiwandani zikiwa na volti 3.5 hivi, na zote zinakaribiana. Moja ikisoma 3.5 na jirani yake 3.1, ya pili ama ni ya kundi jingine la uzalishaji ama inavuja chaji ndani kwa ndani.

Seli za kompyuta mpakato za zamani zinafaa kwa taa za nyumbani kuliko kwa baiskeli. Kama huna budi, yoyote uliyoikuta chini ya volti 2.0 itupe nje ya hesabu, hata kama inakubali chaji. Seli iliyolala ikiwa tupu huwa imeharibika ndani, na ukiijaza inaweza kupiga shoti yenyewe baadaye.

## Hatua ya 2: Pima uwezo, ukinzani na uvujaji

Hatua hii inachukua zaidi ya wiki mbili, kwa sababu ya kusubiri. Ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoua betri.

Ipe kila seli namba kwa kalamu ya wino mzito, 1 hadi 44. Ijaze hadi 4.2, chaja iitoe hadi mwisho, kisha ijaze tena. Andika daftarini uwezo uliosomeka na ukinzani wa ndani. Seli mpya nzuri husoma miliohomu 20 hadi 50. Zinazozidi 80 usizitumie, kwa sababu zitapata joto na volti yake itaanguka mota ikivuta. Baadhi ya chaja hizi husoma ukinzani kwa kuyumba, hivyo safisha ncha za seli na upime mara mbili.

Sasa ziache zimekaa wiki mbili, kila moja peke yake, mahali pakavu pasipo na jua. Pima volti tena. Zilizobaki 4.15 au zaidi ni nzima. Iliyoshuka chini ya 4.10 inavuja. Seli ya aina hii ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu uwezo wake unaweza kusomeka mzuri kabisa siku ya kupima.

Ukifaulu: una daftari lenye safu nne (namba, uwezo, ukinzani, volti baada ya wiki mbili) na seli 40 zilizopita zote.

## Hatua ya 3: Gawa makundi 10

Makundi yote 10 yawe na jumla inayolingana ya uwezo. Panga seli kuanzia yenye uwezo mkubwa hadi mdogo. Gawa 10 za kwanza, moja kila kundi, kutoka la 1 hadi la 10. Kumi zinazofuata gawa kwa kurudi, kutoka la 10 hadi la 1. Endelea hivyo hadi ziishe. Jumlisha kila kundi. Tofauti kati ya kundi kubwa na dogo ikizidi mAh 100, badilishana seli mbili tatu mpaka zikaribiane.

Sababu ni hii: makundi yako mfululizo, kwa hiyo umeme ule ule unapita kwenye yote. Kundi dogo linakwisha kwanza, bodi inaliona na kuzima betri nzima hata kama mengine tisa bado yana chaji.

Kabla ya kuunganisha, hakikisha volti za seli zote hazipishani zaidi ya 0.05. Seli mbili zikiunganishwa sambamba ni kama mitungi miwili iliyounganishwa kwa bomba chini: yenye maji mengi inamwagia nyingine mpaka zilingane, na tofauti ikiwa kubwa mkondo huo unakuwa mkali kiasi cha kuzichemsha. Zijaze au zitoe hadi karibu volti 3.6, kwa kuwa kufanya kazi na betri isiyojaa ni salama zaidi.

## Hatua ya 4: Visha seli pete, kisha zipange

Vua pete na saa. Zungushia tepu mipini ya koleo na bisibisi. Volti 42 haitakutikisa sana kwa mkono mkavu, lakini ikipata chuma itatoa mamia ya ampia na kuyeyusha pete ukiwa umeivaa.

Bandika pete ya karatasi kwenye ncha chanya ya kila seli. Wengi huona hili ni urembo. Ukweli ni kwamba bati lote la seli ni hasi hadi kwenye mabega yanayoizunguka ncha chanya, na kinachotenganisha ni ngozi nyembamba ya plastiki. Mkanda wa nikeli ukisugua ngozi hiyo kwenye mashimo ya barabara, una shoti ndani ya betri ambayo fyuzi haiioni.

Panga seli kwenye vishikizi, safu 10 za seli nne nne. Safu za namba witiri (1, 3, 5, 7, 9) ziangalie hasi juu. Safu za namba shufwa (2, 4, 6, 8, 10) ziangalie chanya juu. Piga picha kwa simu, kunywa chai, rudi uitazame tena. Seli moja iliyogeuzwa itapiga shoti mara tu utakapoichomelea.

## Hatua ya 5: Hakikisha nikeli ni nikeli

Madukani kuna mikanda ya chuma iliyopakwa nikeli, na kwa macho huwezi kuitofautisha. Sumaku haikusaidii, kwa sababu nikeli nayo inashikwa na sumaku. Kwaruza kipande kwa msasa, kitumbukize kwenye kikombe cha maji ya bahari, na ukiache hadi kesho. Chuma kitatoa kutu ya rangi ya machungwa. Nikeli itabaki ilivyo.

Chuma kina ukinzani mkubwa, kinapata joto, na kwa hewa ya chumvi ya Sahare au Raskazone kitaoza kabla seli hazijachoka.

## Hatua ya 6: Chomelea

Anza na vipande vya majaribio kwenye seli iliyokataliwa. Weka mashine kwenye nguvu ndogo, chomelea, kisha uung'oe mkanda kwa koleo. Ukiachia bila kuchanika, ongeza nguvu. Ukitoboka, punguza. Sahihi ni ule unaochanika na kuacha vipande vidogo vya nikeli vimeng'ang'ania seli.

Kulehemu moja kwa moja juu ya seli kwa pasi hakufai. Joto linakaa sekunde nyingi, linaharibu mpira wa kuzibia na utando wa ndani.

Kwanza unganisha seli nne za kila safu, juu na chini. Kila ncha ipate nukta nne hadi sita. Kisha unganisha safu kwa safu, kwa vipande vinne kila mahali, kimoja kwa kila jozi ya seli. Mkondo wa ampia 15 ukigawanyika mara nne unakuwa chini ya 4 kwa kila kipande, na mkanda wa milimita 8 unaubeba bila shida.

Upande wa chini: 1 na 2, 3 na 4, 5 na 6, 7 na 8, 9 na 10.

Upande wa juu: 2 na 3, 4 na 5, 6 na 7, 8 na 9. Safu ya 1 inabaki peke yake (hasi kuu), na ya 10 inabaki peke yake (chanya kuu).

Unapofanya upande mmoja, funika mwingine kwa kadibodi. Usigeuze betri juu ya meza yenye vipande vya nikeli, na usiunganishe chochote upande wa juu kabla ya kupima wa chini kwa mita.

Kwenye safu ya 1 na ya 10, acha mikia ya nikeli imejitokeza nje kwa sentimita moja. Kunja mikia yote minne juu ya waya mnene wa shaba na ulehemu hapo, mbali na seli. Ukilehemu waya kwenye kona moja tu, ampia zote 15 zitapita kwenye mkanda mmoja mwembamba, na hapo ndipo betri nyingi huungulia.

Ukifaulu: kati ya hasi kuu na chanya kuu mita inasoma karibu volti 36, na kila kundi peke yake linasoma sawa na wenzake kwa tofauti isiyozidi 0.02.

## Hatua ya 7: Bodi ya ulinzi

Chomoa soketi ya nyaya nyembamba kutoka kwenye bodi kabla ya kugusa betri. Nyaya ni 11. Wa kwanza unakwenda hasi kuu. Wa pili unakwenda kwenye kiungo cha 1 na 2 (chini), wa tatu kiungo cha 2 na 3 (juu), na kuendelea hivyo hadi wa 11 kwenye chanya kuu. Lehemu kwenye nikeli, katikati ya seli mbili, na upitishe kila waya juu ya tepu ya Kapton.

Baadhi ya bodi zina nyaya 10, na hasi kuu inachukuliwa kwenye waya mnene. Fuata mchoro wa bodi uliyonayo.

Kabla ya kuchomeka soketi, weka kijiti cheusi cha mita kwenye hasi kuu na chekundu kwenye tundu moja baada ya jingine. Unatakiwa kusoma 0, 3.6, 7.2, 10.8, 14.4, 18.0, 21.6, 25.2, 28.8, 32.4, 36.0. Namba ikiruka au kurudi nyuma, waya umekosewa mahali. Ukichomeka hivyo, bodi inaungua papo hapo, wakati mwingine kimya kimya, nawe utagundua wiki ya tatu.

Mpangilio: lehemu kwanza waya mnene wa B- kati ya hasi kuu na bodi, ndipo uchomeke soketi. Ukitoa, chomoa soketi kwanza. Hasi ya plagi ya XT60 inatoka P- ya bodi. Chanya inatoka moja kwa moja kwenye chanya kuu, ikipitia fyuzi iliyo karibu na betri kadiri inavyowezekana. Hasi ya kuchajia inaingia C-, na kama bodi haina C-, inaingia P-.

Ukipima XT60 na kukuta volti 0, usikimbilie kufumua. Bodi nyingi hulala zikiunganishwa kwa mara ya kwanza, na huamka zikionja chaja kwa sekunde chache.

## Hatua ya 8: Chaji ya kwanza na jaribio la mzigo

Pima chaja kabla ya kuichomeka. Isome kati ya 41.8 na 42.2. Chaja ya betri za asidi, hata kama imeandikwa volti 36, haifai.

Chajia barazani juu ya sakafu ya saruji, mbali na mapazia na mahali watu wanapolala, na usiondoke. Gusa betri kila nusu saa. Uvuguvugu kidogo sawa. Sehemu moja ikiwa moto kuliko nyingine, chomoa. Betri ya Ah 10 kwa ampia 2 itachukua saa tano na zaidi. Kasi ya bodi kusawazisha makundi ni ndogo sana, hivyo iache kwenye chaja saa mbili baada ya kijani kuwaka, ukiwa bado upo.

Kwa jaribio la mzigo, chukua balbu tatu za taa za mbele za gari, volti 12 wati 55, uziunganishe mfululizo. Zinavuta karibu ampia 4.6 hadi 5, kwa hiyo betri ya Ah 10 iliyojaa iziwashe kama saa mbili. Vioo vinachoma, viweke juu ya tofali.

Kila dakika 20 pima makundi yote 10 taa zikiwa zinawaka. Yote yashuke pamoja. Kundi likitangulia kwa zaidi ya volti 0.1 kabla hujafika nusu ya muda, lina seli dhaifu au nukta zilizoachia. Lifungue sasa, ukiwa bado mezani.

## Hatua ya 9: Kufunga

Paka bodi vanishi ya kuhami umeme, isipokuwa sehemu za soketi. Zungushia betri karatasi ngumu ya kuhami, kisha mpira wa kusinyaa. Ndani ya boksi tia vifuko viwili vya chembechembe za kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Matundu ya nyaya yaangalie chini, maji ya masika yasiingie. Fanya kazi ya kufunga siku kavu, kwa sababu ukifunga unyevu ndani umeufungia hapo mpaka mwakani. Boksi likae katikati ya fremu kuliko kwenye keria, kwani huko nyuma linapigwa na kila shimo.

## Ikigoma

Inazima ukianza kuondoka, ikitulia inawaka. Pima makundi wakati mtu ameinua tairi na kulishikilia kwa breki kidogo mota ikizunguka. Linaloanguka kuliko mengine ndilo lenye ugonjwa.

Chaja inageuka kijani mapema, umbali ni mfupi. Kundi moja limefika 4.25 kabla ya wenzake, bodi imekata. Yaliyo chini yachajiwe moja moja kwa chaja ya volti 4.2 hadi yalingane. Tofauti ikirudi ndani ya wiki chache, kuna seli inayovuja.

Plagi ya XT60 ina joto. Umelehemu kwa risasi chache au pasi haikuwa na moto wa kutosha. Ifumue uilehemu upya.

Betri inavimba, inanuka utamu wa dawa, au inafuka. Itoe nje kama bado inashikika, la sivyo toka wewe na wengine. Moshi wake ni sumu. Maji mengi yanasaidia kwa kupoza, maji kidogo hayasaidii kitu. Piga 114, Zimamoto.

## Matumizi na kuhifadhi

Ukitoka juani, acha betri ipoe nusu saa kabla ya kuchaji. Juu ya nyuzi 45 seli hazitakiwi kupokea chaji, na boksi jeusi lililoegeshwa nje saa nane mchana linaweza kufika hapo. Ukisafiri mwezi mzima, iache kwenye volti 37 hadi 38, ikiwa imechomolewa kwenye kontrola.

Seli zilizokataliwa usizitupe kwenye shimo la uani la kuchomea taka, kwani zikipata moto hulipuka na kuruka. Ziishe chaji kabisa kwa balbu ndogo, ziba ncha zote mbili kwa tepu, na uziweke kwenye ndoo ya mchanga yenye mfuniko mpaka utakapompata mnunuzi wa betri chakavu anayekubali lithiamu. Muulize kwanza, maana wengi wanachukua za risasi tu.